Jiwe linaondoka, akili inabaki: Politeknike ya Lubumbashi na kazi ya kesho

— Papa, miye naacha mambo ya iniversite. Barafiki yangu beko banachimba ku kariere. Kila siku ya posho banarudia na feza.

— Mutoto wangu, ile feza inaisha mbele juma haiyaisha. Na siku shimo inaanguka juu yenu?

— Na yaya je? Alisoma miaka mitano. Leo eko anauzisha mayunite ku kando ya barabara, na diploma yake iko mu kabati ya mama.

Baba ananyamaza. Mama, aliye karibu na mbabula, ananyamaza naye.

Wasomaji wapenzi, maneno ya namna hii yanasikiwa katika nyumba nyingi za Katuba, Kenya, Ruashi na Kamalondo, zaidi wakati matokeo ya Exetat yanapotoka. Sisi wazazi tunajibu kwa upesi: «Soma tu!» Lakini kijana anauliza swali la kweli. Kusoma kwa ajili ya nini? Nani atamupa kazi? Na kama shaba na kobalti vyetu vinapita kila siku juu ya malori kuelekea Kasumbalesa, juu ya nini akili za watoto wetu zisitumike hapa hapa?

Mwezi huu tunataka kutazama fasi moja ambako lile swali linatafutiwa jibu: Fakulte ya Politeknike ya Iniversite ya Lubumbashi, pamoja na mapatano yake mapya na inchi jirani na makompani. Hatutasifu bure, na hatutavunja watu moyo. Tutaeleza kinachojulikana, kisha kila jamaa itazungumza yenyewe.

WAZEE WETU WALIJUA KUYEYUSHA

Kwanza tukumbuke jambo moja. Ufundi wa mukuba haukuja na meli. Mbele ya wazungu kufika, wazee wetu wa Katanga waliokota lile jiwe la kijani, wakalitia katika tanuru la udongo pamoja na makaa, wakapuliza kwa mivukuto mpaka shaba inatiririka. Walitengeneza ile misalaba ya shaba iliyokuwa feza ya kununulia vitu na kutolea mahari. Ule ulikuwa utafiti pia, hata kama haukuandikwa katika kitabu.

Mwaka 1906 Union Minière ikaundwa. Tarehe 30 Juni 1911 shaba ya kwanza ikatoka katika kiwanda cha Lubumbashi. Lakini kwa miaka mingi Mkongo alipewa nyundo na koleo tu, wala si kalamu ya injeniere. Iniversite ilifunguliwa Élisabethville mwaka 1956, miaka 4 tu kabla ya Uhuru. Mwaka 1971 Serikali iliunganisha mainiversite yote ya inchi kuwa moja, na masomo ya mainjeniere wa migodi na wa madini yakawekwa Lubumbashi, karibu na viwanda. Mwaka 1981 Iniversite ya Lubumbashi ikapata tena kujitawala.

Ile ilikuwa miaka ya nguvu. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476.000 za shaba. Mwanafunzi wa Politeknike alifanya staji Kipushi, Likasi ao Kolwezi, na kisha masomo alijua mlango gani atabisha. Kiisha mambo yakaharibika. Usiku wa tarehe 11 kuelekea 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa na kuuawa ndani ya kampusi. Ubelgiji ukasimamisha msaada wake, na mapatano mengi ya utafiti yakakatika. Mwezi wa Septemba wa mwaka ule ule sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaanguka. Kufika 1994 Gécamines ilitoa tani karibu 30.000 tu. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondolewa kazini kwa ile mpango iliyoitwa «departs volontaires». Wengi wenu munaosoma gazeti hili munaijua habari hiyo kwa machozi, si kwa kitabu.

Kwa hiyo kijana anapomwambia baba yake «masomo hayana faida», anasema kile alichokiona ndani ya nyumba. Iniversite ilikuwa imeegemea kompani moja. Kompani ilipoanguka, labo zikabaki na mavumbi.

KITUO CHA BETRI

Sasa tuje kwenye habari mpya. Mwezi wa Novemba 2021, katika mkutano mkubwa wa biashara uliofanyika Kinshasa, Kongo na washirika wake walitangaza kwamba wanataka betri za motokari za umeme zianze kutengenezwa Afrika. Mwezi wa Aprili 2022 kituo kikafunguliwa hapa Lubumbashi, kwenye Iniversite yetu: Kituo cha Afrika cha ubora kwa utafiti wa betri, kinachoitwa kwa ufupi CAEB. Kinashirikiana na mainiversite ya Zambia, kama ile ya Copperbelt iliyo Kitwe, ngambo ya mpaka tu. Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uchumi kwa Afrika ilisaidia kukisimamisha. Mwisho wa mwezi ule ule wa Aprili Kongo na Zambia zikapatana kufanya kazi ya betri pamoja. Tarehe 13 Desemba 2022 inchi hizi mbili zikatia sahihi tena mapatano na Marekani huko Washington.

Pengine mama mmoja atauliza: «Lakini ile betri iko na nini ndani, mpaka waje kwetu?» Tueleze pole pole.

Betri ya motokari ya umeme ina pande mbili. Litiumu inatoka upande mmoja kwenda upande wa pili wakati wa kutia moto, na inarudi wakati motokari inatembea. Upande mmoja unapakwa juu ya karatasi nyembamba sana ya shaba. Upande wa pili, katika betri za namna nyingi, una nikeli, manganeze na kobalti. Kobalti inasaidia betri isiharibike upesi na isiwake moto ovyo. Na zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka katika udongo wa Haut-Katanga na Lualaba.

Lakini tunauza nini? Kwa wingi tunauza hidroksidi ya kobalti: unga wenye maji maji, ambao ndani yake kobalti yenyewe ni karibu sehemu 30 tu kwa 100. Huo unga unapelekwa mbali, zaidi Uchina. Kule wanausafisha kuwa sulfati ya kobalti. Kiisha wanauchanganya na nikeli na manganeze kuwa unga mwingine, ule unaotangulia betri. Kiisha ndipo betri yenyewe inatengenezwa. Kila ngazi inaongeza bei, inaongeza kazi, inaongeza maarifa. Sisi tunabaki kwenye ngazi ya chini kabisa, pamoja na mavumbi.

Mwaka 2021 wachunguzi wa BloombergNEF walipiga hesabu. Kujenga kiwanda cha kutoa tani 10.000 za ule unga unaotangulia betri kungegharimu dola milioni 39 hapa Kongo. Poland ingekuwa milioni 65, Uchina milioni 112. Hesabu kwenye karatasi haijengi kiwanda, tunajua. Lakini inaonyesha kwamba jambo hili si ndoto ya mlevi.

Na hapa ndipo iniversite inapohitajika. Kusafisha kobalti mpaka iwe safi ya betri si kazi ya nguvu za mikono. Inaomba mtu anayejua kupima, kuchunga moto na asidi, kutoa chuma, kalisiumu na manyesiumu zilizojificha ndani. Uchafu kidogo tu unaharibu betri nzima. Kusudi la kituo ni kufundisha watu wa namna hiyo, wa master na wa udokta, ili siku kiwanda kikija, kisije na watu wake wote katika ndege.

MLIMA MWEUSI WA LUBUMBASHI

Mfano wa pili tunauona kila siku kwa macho. Nani hajui ule mlima mweusi karibu na shimuni kubwa ya Gécamines? Watoto wengi wanafikiri ni mlima wa Mungu. Hapana: ni takataka za kiwanda, karibu tani milioni 14, zilizomwangwa pale kwa miaka zaidi ya 70. Mawe ya Kipushi na ya kwingine yaliyeyushwa, shaba ikachukuliwa, mengine yakatupwa.

Kumbe yaliyotupwa yalikuwa na mali. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kiwanda cha STL kilianza kutoa kobalti na shaba katika ule mlima, pamoja na kompani ya Marekani na ya Forrest, na mali ile ikapelekwa Finland kusafishwa. Baadaye STL ikawa ya Gécamines peke yake. Ikajenga kiwanda kipya cha kutoa germaniumu, madini ya bei kubwa inayotumiwa katika nyuzi za mawasiliano, katika vyombo vya kuonea gizani, na katika vipande vinavyolisha satelite kwa nguvu ya jua. Mwezi wa Mei 2024 STL ilipatana na Umicore ya Ubelgiji, na mwezi wa Oktoba 2024 mzigo wa kwanza ukaondoka.

Sikieni sasa. Umicore ni nani? Ni ile ile Union Minière ya zamani, iliyobadilisha jina mwaka 2001. Babu alitupa jiwe, mjukuu amerudi kulinunua. Tofauti moja ni hii: safari hii mali inatoka katika kiwanda cha inchi yetu, na sehemu ya ufundi wa kuitoa inafanyika hapa Lubumbashi. Funzo kwa vijana ni wazi. Katika takataka ya jana mnakuwa mshahara wa kesho, kama mnajua kemia.

UTAFITI WA KULINDA WATU

Wapendwa, tusifikiri kwamba utafiti ni wa kutafuta feza tu. Kuna ule wa kulinda uhai, na Iniversite ya Lubumbashi imeufanya pamoja na Iniversite Katolika ya Leuven. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake walipima mkojo wa watu 351 katika Katanga, wakubwa na watoto. Mwaka 2009 wakatangaza kwamba wale wanaokaa karibu na migodi na viwanda wana kobalti nyingi mno mwilini, na watoto wakiwa hatarini zaidi. Mwaka 2018 wakatangaza habari za Kasulo, ule mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe tangu 2014. Watoto wa pale walikuwa na kobalti nyingi kuliko watoto wa mtaa wa jirani, na dalili za kuharibika kwa mbegu za uhai ndani ya mwili.

Mwaka 2020 ikatoka habari ya kuumiza zaidi. Walilinganisha watoto waliozaliwa Lubumbashi wakiwa na kilema na wale waliozaliwa bila kilema. Ikaonekana kwamba kilema kilipatikana zaidi sana pale baba alipokuwa na kazi ya madini. Kwa njia gani hasa? Watafiti wenyewe walisema wanapaswa kuchunguza bado. Lakini tusingoje. Baba anayetoka mgodini avue nguo za kazi na aoge mbele ya kubeba mutoto. Nguo zile zisifuliwe katika beseni moja na nguo za watoto. Gunia la mawe lisilazwe ndani ya nyumba. Hii haiombi diploma.

Na udongo? Katika mtaa wa Penga Penga, upande ule upepo ulipeleka moshi wa shimuni kwa miaka mingi, miti ilikufa na udongo ukabaki wazi. Watu wa Fakulte ya Kilimo ya Iniversite yetu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walijaribu kutia chokaa na mboleo, kisha kupanda miti na majani yanayovumilia shaba. Jani moja dogo la hapa kwetu, wanaloliita Microchloa kunthii, linakubali kuota pale na kushika mavumbi yasiruke tena. Ni dawa ndogo, lakini ni ya kwetu.

TUSIDANGANYIKE

Sasa tuseme pia yale yanayotia mashaka, juu gazeti la kanisa halikuandikwa kwa kupendeza wakubwa.

Kwanza, mapatano si kiwanda. Tangu 2022 sahihi zimetiwa nyingi, picha zimepigwa nyingi, lakini hakuna bado kiwanda kikubwa cha betri za motokari katika Katanga. Mzazi asiuze kiwanja chake kwa sababu amesikia neno «betri» katika radio.

Pili, dunia haitungojei. Kuna betri za namna nyingine, za chuma na fosfati, zisizotumia kobalti hata kidogo, na Uchina zinatumiwa sana. Bei ya kobalti ilianguka mpaka Serikali yetu ikazuia kuiuzisha inje tangu Februari 2025, kisha mwezi wa Oktoba ule mwaka ikaweka kipimo kwa kila kompani. Kijana asijifunze paka kobalti. Ajifunze kemia, umeme na hesabu: hizo hazianguki bei.

Tatu, kompani inapolipia labo, tuulize: matokeo ni ya nani? Kama profesa anakuta sumu katika mto, ataruhusiwa kusema? Mapatano mazuri yanaandika hilo tangu siku ya kwanza. Mapatano mabaya yanafunga kinywa.

Nne, moto. Labo bila umeme wa kudumu ni chumba tu. Atakayepatana na Iniversite bila kufikiri juu ya umeme, maji na mshahara wa mwalimu, ameleta mapambo.

TUFANYE NINI?

Kwa wazazi. Msimuulize mtoto tu «umeshinda?» Muulizeni «umejua kufanya nini?». Mbele ya kulipa feza ya masomo, nendeni muulize ofisini: wanafunzi wanafanya staji wapi, na nani anawapokea? Na musimunyime binti yenu Politeknike kwa kusema ni mambo ya wanaume. Kupima asidi hakuombi misuli.

Kwa vijana. Injeniere mmoja anaomba mafundi wengi nyuma yake: wa umeme, wa kulehemu, wa mashini, wa labo. Wasalesiani walifika Élisabethville mwaka 1911, na mpaka leo shule zao za ufundi zinatoa watu ambao makompani yanawatafuta. Anayejua mikono na anayejua kitabu, wote wawili wana fasi. Kama umeishachimba, usijione umepotea. Wewe unalijua jiwe kuliko wengi. Rudi kwenye masomo na yale maarifa yako.

Kwa jumuiya za mitaa na viongozi wao. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inaomba kila kompani inayotoa madini itenge asilimia 0,3 ya feza yote inayouza kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi. Tena asilimia 10 ya kodi ya madini inawekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo. Hizo ni haki, si zawadi. Juu ya nini jumuiya isiombe kwamba sehemu yake ilipe masomo ya watoto wawili, watatu wa mtaa, na vyombo vya labo kwa shule ya sekondari?

Papa Fransisko alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023 alisema wazi mbele ya wakubwa kwamba Afrika si mgodi wa kunyonywa. Tulipiga makofi sana. Lakini mgodi unaacha kuwa wa kunyonywa siku mwenye nyumba anajua thamani ya jiwe lake.

Someni pamoja nyumbani Kitabu cha Ayubu, sura ya 28. Utafikiri kiliandikwa Likasi. Kinasimulia watu wanaoshuka gizani na kamba, wanaopasua mwamba, wanaoyeyusha jiwe mpaka linatoa shaba. Kisha kinauliza: na hekima, inapatikana wapi? Wala haiuzwi kwa zahabu: kumwogopa Mungu ndiyo hekima.

Turudi basi katika ile nyumba. Baba amenyamaza sana, kisha anasema:

— Mutoto wangu, sikuambie kama diploma ni kazi. Yaya yako alikosa mutu wa kumuonyesha kazi, hakukosa akili. Kesho asubui twende wote batatu kule Politeknike, na yaya yako. Tuulize. Kiisha utaamua.

— Na kama banatufukuza, papa?

— Tutarudia tena kesho kutwa. Ile mlima mweusi nilisaidia kuijaza. Niko na haki ya kuuliza.

KWA KUZUNGUMZA KATIKA JAMAA NA KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu, ni vijana wangapi wana diploma bila kazi? Wanajua kufanya nini, na nani angeweza kuwapokea kwa staji?

2. Baba na kaka wanapotoka mgodini, tunafanya nini nyumbani ili mavumbi yasifike kwa watoto?

3. Je, jumuiya yetu imeuliza kompani ya karibu juu ya ile asilimia 0,3? Nani atakwenda kuuliza, na siku gani?